Mbao Yenye Anwani: Kwa Nini Kususia Samani za Mbao Hakutaokoa Misitu

Tangu ilipotangazwa kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja michuano ya AFCON 2027, Arusha imekuwa jiji la wajenzi. Uwanja wa watazamaji 30,000 unajengwa Olmoti, na kuanzia Njiro hadi Sakina na njia nzima ya kwenda Usa River, watu wanapandisha ghorofa, wanaongeza vyumba na kufungua nyumba za wageni. Kila chumba kitahitaji kitanda, kabati, meza na kiti. Katikati ya pilikapilika hizo umezuka ushauri ambao nimeusikia Arusha na Moshi pia: mwenye hoteli anayejali mazingira aachane na mbao, anunue vitanda vya chuma, makabati ya MDF yaliyoagizwa kutoka nje na viti vya plastiki, kisha awaeleze wageni wake kwamba hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya starehe yao. Wanaoutoa wana nia njema, nami naamini wanaipenda misitu kama ninavyoipenda mimi. Hata hivyo ushauri wenyewe una kasoro, na ukifuatwa na wengi utawaumiza wale ambao leo wanaiacha miti ikiwa imesimama. Hoja yangu ni kwamba samani za mbao zilizotoka mahali panapojulikana, kwenye shamba la miti, kihamba (shamba la nyumbani la mkulima wa Kilimanjaro) au msitu unaosimamiwa na kijiji, ni mojawapo ya njia chache ambazo mkazi wa mjini anaweza kuzitumia kuulipia uhifadhi, mradi awe tayari kuuliza mbao hiyo imetoka wapi na asikubali ukimya kuwa ndilo jibu.

Tuanze na chanzo cha upotevu wenyewe. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilikadiria kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu na mapori ya miti, na kwamba zaidi ya hekta 370,000 zilikuwa zikitoweka kila mwaka. Sehemu kubwa kabisa ya upotevu huo inatokana na kilimo: pori linafyekwa na kuchomwa ili kupata shamba jipya la mahindi, ufuta au tumbaku, na miti mingi inateketea palepale bila hata ubao mmoja kupasuliwa. Mkaa nao una uzito wake, na ndiyo maana serikali ilizitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, kisha ikazindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Fanicha haimo katika safu hiyo ya mbele. Lakini ina madhara ya namna yake, nayo ni uchaguzi: mwenye msumeno anaingia porini akiutafuta mninga, mkongo au mkulo, anakata ile mikubwa iliyonyooka na kuiacha mingine, na baada ya miaka michache msitu ukitazamwa kutoka barabarani bado ni wa kijani ilhali ndani hauna tena mti mzazi wa kutoa mbegu. Njia aliyoifungua kupitishia magogo ndiyo anayoifuata mwenye jembe msimu unaofuata.

Mninga unastahili kuelezwa peke yake, kwa sababu ndio mbao ambayo familia nyingi za Arusha na Moshi huiona kuwa kipimo cha samani ya heshima, ingawa haitoki kwetu, bali husafirishwa kutoka mapori ya miombo ya upande wa Tabora na Katavi. Mche wa mninga una tabia ambayo wanunuzi wachache wanaijua: kila kiangazi shina lake changa hukauka mpaka ardhini, na kila mvua likachipua upya, kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini kwa chini hadi uwe na nguvu ya kusukuma juu shina litakalostahimili moto na ukame. Kutoka hapo hadi kufikia unene wa kupasuliwa mbao nzuri inapita karibu karne moja. Kwa hiyo anayekata mninga leo anavuna mti uliochipua kabla babu yake hajaoa. Mwishoni mwa 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliiweka jamii nzima ya mininga ya Afrika, pamoja na mikongo na mikangazi, katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali maalumu. Huo ni ulinzi wa maana, ila unahusu mbao inayovuka mpaka. Mbao inayotoka Tabora hadi Mbauda jijini Arusha haivuki mpaka wowote, na ulinzi wake unategemea sheria zetu wenyewe na mtu anayeilipia.

Upande wa milima yetu historia ni tofauti, nayo inaeleza kwa nini swali la asili ya mbao lina uzito hapa kuliko mahali pengi. Mwaka 1941 utawala wa kikoloni ulitenga ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu wa Kilimanjaro ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia msitu wenyewe, na wazee wa huko bado wanauita hivyohivyo, nusu maili. Ukanda huo haukuzuia misumeno. Uchunguzi wa angani uliofanyika mwaka 2001, ambao taarifa yake ilitolewa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka uliofuata, ulionyesha miti ya asili iliyokatwa kwa maelfu, na uliolengwa zaidi ulikuwa mkulo, ambao mafundi huuita kamfa na kuupenda kwa kuwa wadudu hawausogelei. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Tangu hapo hakuna mbao halali ya mkulo kutoka mlimani, na mbao ya Moshi inapaswa kutoka mahali pengine: mashamba ya miti ya serikali ya Rongai na Kilimanjaro Magharibi, shamba la Meru/Usa kwa upande wa Arusha, mbao zinazoletwa kutoka Sao Hill kule Mufindi, na vihamba vya wananchi. Msitu uliofungwa huo ndio unaonasa maji ya mito inayoingia Pangani, ambayo kabla ya kufika baharini hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale. Anayeuliza mbao ya kitanda chake imetoka wapi anauliza pia habari za maji yake na umeme wake.

Sasa niurudie ushauri wa kususia. Hoja yake iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba kila samani ya mbao ni mti uliokatwa, na kwa hiyo kila samani isiyo ya mbao ni mti uliookolewa. Kwanza, kabati la MDF nalo ni mti, kwani MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na tofauti pekee ni kwamba mti huo ulikatwa katika nchi ambayo mnunuzi wa Arusha hawezi kuulizia chochote. Kabati hilo likipata maji ya dirisha lililosahauliwa wazi usiku wa masika, huvimba miguuni na halitengenezeki, ilhali meza ya mbao nzima huvuliwa, ikapigwa randa na kurudishwa kazini. Chuma nacho, kwa sehemu kubwa duniani, huyeyushwa kwa makaa ya mawe. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hoja hiyo inachukulia kwamba mti usionunuliwa utabaki umesimama. Kwa mti ulio ndani ya hifadhi yenye walinzi, ni kweli. Kwa mti ulio kwenye ardhi ya mtu mwenye karo za kulipa, si kweli hata kidogo.

Tazama kihamba. Mfumo huu wa Wachagga wa kuchanganya miti mirefu, migomba, kahawa na mifugo kwa maji ya mifongo, yaani mifereji ya jadi, ulitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia, na mwaka 2011 Shimbwe Juu ikawa eneo la mfano wa urithi huo. Mti unaoonekana zaidi katika vihamba vya leo ni mgrevilia, uliotoka Australia na kupandwa ili kuipa kahawa kivuli. Kila mwaka matawi yake hupunguzwa na kuwa kuni, majani yake hurudi shambani, na baada ya miaka kama ishirini shina lake linakuwa mbao yenye mistari na madoa yanayong'aa, ambayo fundi anayeijua humtolea mteja samani ya kuvutia sana. Mkulima huyu anaiacha migrevilia kumi isimame kwa miaka yote hiyo kwa sababu ni akiba: mmoja utauzwa siku mtoto akichaguliwa kwenda kidato cha tano, mwingine siku ya kuezeka nyumba. Ikiwa mjini watu watashawishika kwamba mbao ni aibu, bei ya mgrevilia itaporomoka, na mwenye kihamba, ambaye kipande chake kimeshagawanywa mara tatu kati ya ndugu, hatakuwa na sababu ya kuuachia mti nafasi ambayo ingetosha nyanya au chumba cha kupangisha. Kijani kinachounganisha mji wa Moshi na msitu wa hifadhi, ambacho mgeni hukiona kutoka Kiborloni na kudhani ni pori, kwa sehemu kubwa ni miti ya watu, na imesimama kwa sababu ina thamani.

Kuna upande wa pili ambao siwezi kuupuuza, kwa kuwa ni wenye nguvu na umeandikwa katika historia ya karibuni ya nchi hii. Unasema hivi: thamani haiuhifadhi mti, thamani inauita msumeno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daraja la Mkapa lilipoufungua ukanda wa kusini na wanunuzi wa nje wakaja kutafuta magogo, Rufiji, Kilwa na Lindi zilivunwa kwa kasi ya kutisha. Taarifa ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ilionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kutokana na miti hiyo yalipotea, hasara iliyokadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 58 kwa mwaka. Bei ilikuwepo, soko lilikuwepo, na msitu ukaisha. Mtu anayetumia mfano huo kunipinga ana haki ya kufanya hivyo.

Lakini kisa cha Kilwa hakikuishia hapo, na sehemu yake ya pili haisimuliwi vya kutosha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi katika ardhi yake, kuandaa mpango wa uvunaji, na kubaki na mapato ya miti kinayoiuza. Kwa msaada wa shirika la MCDI, ambalo lilianza kwa kushughulikia mpingo, vijiji vya Kilwa kikiwemo Kikole vilipata mwaka 2009 ithibati ya FSC, nembo ya kimataifa ya misitu inayosimamiwa vizuri, ikiwa ya kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Nanjirinji, yenye msitu wa hifadhi wa zaidi ya hekta 60,000, imetumia fedha za magogo kujengea shule. Mti ni uleule, wilaya ni ileile, na soko linakaribiana. Kilichobadilika ni nani mwenye mti na nani anahesabu. Katika wimbi la kwanza mwanakijiji alilipwa ujira wa kubeba gogo ambalo halikuwa lake, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kulichelewesha. Katika mpango wa pili gogo ni la kijiji, kamati inajua yamebaki mangapi, na anayeiba anaibia shule ya watoto wa wote. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba fedha ya mnunuzi ni sumu kwa msitu popote inapoingia. Fedha hiyo ikipita kando ya mwenye msitu inauharibu, na ikimfikia inampa sababu ya kuulinda, hivyo kazi ya mnunuzi ni kujua ya kwake imepita njia ipi.

Wako pia wanaosema kwamba mashamba ya misindano, misaipresi na mikaratusi si misitu, na kwamba kuyaunga mkono ni kuunga mkono jangwa la kijani. Nakubaliana nao katika sehemu ya kwanza. Shamba la miti ni shamba, kama lilivyo la mahindi, na ndege anayeishi kwenye mkukusu wa kale hawezi kuhamia kwenye mistari ya misaipresi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mkukusu mmoja ulio katika bonde la upande wa kusini wa Kilimanjaro una urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika. Hakuna shamba litakalotupa kitu kama hicho. Lakini uhalali wa shamba la miti ni kwamba linabeba mzigo ambao usipobebwa na lenyewe utabebwa na msitu. Lililo muhimu ni mahali linapopandwa: kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, mbali na vyanzo vya maji, jambo hilo ni jema, na mahali pa msitu wa asili uliofyekwa makusudi ni hasara isiyofidiwa.

Ugumu wa kweli, ambao kwangu ni mkubwa kuliko hoja zote za kinadharia, uko bandani kwa fundi. Mwaka jana niliagiza meza ya kulia chakula, na nilipouliza mbao inatoka wapi, fundi, kijana mwenye mkono mzuri sana, alinijibu, "Inatoka sokoni, mzee." Hakuwa anakwepa swali. Kisheria mbao husafiri na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo mafundi na madereva huiita TP, na hukaguliwa kwenye mageti ya maliasili njiani. Hati hiyo hutolewa kwa mzigo wa lori zima. Lori likifika na mbao kugawanywa kwa wauzaji watatu, na fundi akanunua sita tu kwa ajili ya meza moja, hati inabaki kwenye droo ya mfanyabiashara wa kwanza na mbao zinaendelea bila jina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo ndipo mbao ya wizi inapopata nafasi ya kulala pamoja na ya halali kwenye rundo moja, bila fundi wala mteja kuweza kuzitofautisha. Kwa sababu hiyo siyapi uzito matangazo yanayosema samani fulani ni "rafiki wa mazingira" bila kutaja shamba, kijiji wala namba ya hati. Wala sidhani kwamba suluhisho ni kumdai fundi mdogo nembo ya FSC, ambayo gharama yake hata vijiji vya Kilwa visingeibeba kimoja kimoja. Kinachowezekana leo ni kidogo zaidi lakini kina maana: muuzaji wa mbao aandike kwenye risiti aina ya mti, mahali ulipovunwa na namba ya hati ya mzigo, na fundi ainakili kwenye risiti ya mteja. Kazi hiyo haihitaji mtambo wowote, inahitaji wateja wanaoidai.

Sababu nyingine inayowafanya watu waikimbie mbao ya hapa ni ubora, na hapa lawama si ya mgrevilia wala msaipresi. Mbao mbichi inauzwa kama mbao kavu. Samani ya ndani inataka mbao yenye unyevu wa asilimia 12 hivi, na ubao uliopasuliwa wiki iliyopita una unyevu wa mara kadhaa ya huo. Ukiugeuza kuwa mlango wa kabati, utapinda kabla ya Krismasi, na mwenye nyumba ataapa kwamba atanunua mninga tu au atahamia MDF. Kuipanga mbao kivulini kwa vijiti vya kuitenganisha kwa miezi kadhaa kunatosha kwa sehemu kubwa, ila fundi anayeishi kwa malipo ya wiki hawezi kulaza mtaji wake kwa miezi. Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, na Arusha ina chuo cha misitu cha Olmotonyi kilichoanza mwaka 1937. Ujuzi wa kukausha na kupasua mbao vizuri upo umbali wa safari ya daladala kutoka mabanda yanayouhitaji. Tanuri moja la kukaushia linalotumiwa kwa kulipia, chini ya ushirika wa mafundi, lingeiokoa mininga mingi kuliko mabango mia ya kuhimiza watu waipende.

Wengine watasema haya yote ni kazi ya serikali, na mnunuzi asitwishwe mzigo wa polisi. Ni kweli kwa nusu. Kulinda hifadhi na kukagua magari ni kazi ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na vyombo vingine, na hakuna risiti inayochukua nafasi yao. Lakini serikali yenyewe ni mnunuzi mkubwa: madawati, vitanda vya mabweni na vya hospitali, na samani za ofisi. Zabuni hizo sasa hupita katika NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na sharti la kutaja asili ya mbao pamoja na hati yake linaweza kuwekwa katika maelezo ya bidhaa kama linavyowekwa la vipimo. Halmashauri ikianza, wauzaji wakubwa watalazimika kutunza kumbukumbu, na mteja wa kawaida atazikuta ziko tayari.

Kwa wenye hoteli wanaokimbizana na 2027, nafasi yao ni ya kipekee, kwa sababu oda ya vyumba arobaini inaweza kufanya kile ambacho oda yangu ya meza moja haikuweza. Wakitaka vitanda vya mgrevilia wa Kibosho au Machame, wakalipa sehemu mapema ili mbao ikaushwe, na wakaandika katika mkataba kwamba kila mzigo uje na hati yake, watakuwa wameliweka soko katika sura mpya kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Nasema hivi nikijua kwamba ninaweza kukosea katika jambo moja. Ikiwa mahitaji hayo yatapanda ghafla kuliko vihamba vinavyoweza kutoa, miti michanga itakatwa kabla ya wakati, kivuli cha kahawa kitaondoka, na bei niliyoitetea itakuwa imefanya kazi ileile iliyofanywa kusini. Hilo linaweza kuonekana mapema, kama ofisi za misitu za wilaya za Moshi, Hai, Siha, Rombo na Arumeru zitahesabu kila mwaka miche inayopandwa vijijini dhidi ya magogo yanayoombewa kibali, na kuzibandika takwimu hizo mahali ambapo mafundi, wakulima na wanunuzi wanaweza kuzisoma. Magogo yakizidi miche kwa miaka miwili mfululizo, nitakuwa wa kwanza kuwaomba wenye hoteli wasitishe oda zao.